Agrobakteria amegoma kupeleka jeni? Anza na kipimajoto

Simu hizi huanza Januari, kaskazi inaposhika, na hupungua masika yakianza. Maneno ni yale yale: bakteria wako hai, plasmidi (duara la DNA linalobeba jeni yako) imo ndani yao, majani yamekatwa vizuri, lakini hakuna hata chipukizi moja lililosimama juu ya kanamisini, dawa inayoua seli zisizopokea jeni. Anayepiga huwa ameshabadilisha praima za PCR (kipimo cha kunakili kipande cha DNA ili kionekane), ameshaagiza DNA upya, ameshanuniana na mwenzake wa benchi. Nami huuliza jambo moja: zile siku mbili ulizowaacha bakteria na majani pamoja, chumba kilikuwa na nyuzi ngapi?

"Joto la kawaida la chumba, Mzee."

Basi tumeshafika. Miongozo tunayoifuata iliandikwa na watu wa Ghent, wa Leiden, wa St. Louis. Chumba chao cha kawaida kina nyuzi 21. Chako, hapa kisiwani Mombasa, mwezi wa Machi, feni ikizunguka juu, kina 31. Neno ni moja, vyumba ni viwili.

Kwa anayeingia leo kwenye kazi hii, maneno machache kwanza. Agrobacterium tumefaciens ni bakteria wa udongoni. Akikuta mmea wenye jeraha, mara nyingi pale shina linapoingia ardhini, hupenyeza kipande cha DNA yake ndani ya seli ya mmea. Kipande hicho, T-DNA, kimebebwa na plasmidi kubwa iitwayo Ti. Kikishajichomeka kwenye kromosomu ya mmea, seli huanza kutengeneza homoni za kukua bila kujizuia, pamoja na opini, chakula ambacho bakteria huyo anajua kukila na majirani zake wengi hawajui. Mmea hutokwa na nundu, bakteria hupata jiko lake. Mary-Dell Chilton na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba kipande hicho kweli kimo ndani ya seli za tumbaku. Kufikia 1983 makundi kadhaa yalikuwa yameng'oa jeni za uvimbe na kuweka mahali pake jeni walizozitaka wao. Kinachohitajika kubaki ni mipaka miwili, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na herufi 25 za DNA. Kilicho katikati ndicho husafirishwa. Wasafirishaji ni jeni za vir, na hao ndio wenye kuchagua hali ya hewa.

Mifano mingi hapa chini ni ya tumbaku, kwa sababu ndiyo mmea wa kujifunzia.

Njia panda: je, jeni ilipita au haikupita?

Kabla ya kutafuta mchawi, jua kwanza upande gani umekufia. Tumia plasmidi yenye jeni ya GUS, ile inayotoa rangi ya buluu, iliyotiwa introni ndani yake, yaani kipande cha ziada kinachopaswa kukatwa kabla jeni haijafanya kazi. Bakteria hajui kuikata introni, kwa hiyo hawezi kutoa rangi. Seli ya mmea inajua. Siku ya tatu baada ya kuwakutanisha, chukua vipande vitano vya jani, vitie kwenye rangi ya X-Gluc usiku kucha, kisha uvioshe kwa alkoholi hadi ukijani utoke.

Ukiona madoa ya buluu, hasa ukingoni palipokatwa, jeni ilipita. Tatizo lako liko mbele: uchaguzi, homoni, au bakteria waliobaki. Ukiona jani jeupe tupu, jeni haikupita, na hakuna kiuavijasumu wala homoni itakayokusaidia. Watu hupoteza miezi mitatu wakirekebisha homoni za mmea ambao haujawahi kupokea chochote.

Jani jeupe tupu: jeni haikupita

Agrobakteria hukua vizuri kwenye nyuzi 28. Kila mwongozo unasema hivyo, ni kweli, na ndiko watu wanakopotelea. Kukua ni kazi moja, kupeleka jeni ni kazi nyingine. Kupeleka kunataka bomba: protini za virB hujipanga kuwa mfereji unaotoka ndani ya bakteria kuelekea seli ya mmea, na mfereji huo haujengeki vizuri joto likipanda. Majaribio ya tumbaku na ya maharagwe yaliyochapishwa mwaka 1997 yalipata upelekaji bora kwenye nyuzi 22. Kwenye 25 ulikuwa umepungua, kwenye 27 ulikuwa hafifu, na kwenye 29 haukuonekana kabisa. Rudia kusoma nambari hizo ukitazama kipimajoto cha ukutani kwako.

Kwamba joto linaingilia ugonjwa huu ni habari ya zamani. Miaka ya 1940 Armin Braun alifanya kazi na vinka, ule ua mdogo wa waridi au mweupe wenye asili ya Madagaska, unaooteshwa kwenye makopo ya rangi mbele ya nyumba nyingi za hapa. Mmea huo huvumilia takriban nyuzi 46, bakteria havumilii. Braun akaupasha, bakteria wakafa, uvimbe ukaendelea kukua bila wao. Ndipo ilipojulikana kuwa kuna kitu kilikuwa kimeshahamia ndani ya mmea, miaka thelathini hivi kabla kitu chenyewe hakijashikwa mkononi.

Sasa, mtu husikia "nyuzi 22" akasema: nina kiatamizi, nimekiwekea 22. Kiangalie vizuri. Viatamizi vingi vya bei nafuu hupasha tu, havijui kupoza. Chumba kikiwa na 30, kiatamizi kilichowekewa 22 kitakaa 30 na zaidi kidogo, taa yake ya kijani ikiwaka kana kwamba mambo yote shwari. Kiyoyozi nacho kina udanganyifu wake: kinapima hewa inayorudi kwake pale juu, si hewa ya rafu ya tatu iliyo chini ya mirija ya taa. Weka kipimajoto ndani ya sahani tupu ya petri, ifunge kama zile nyingine, iweke katikati yao, na usome asubuhi, saa nane mchana na usiku. Mara ya kwanza nilipofanya hivi rafu yetu ilikuwa na 28, na rimoti ya kiyoyozi ilikuwa imeandika 21.

Asiye na kiatamizi cha kupoza afanye nini? Sisi tulipona kwa friji ya soda, ile ya mlango wa kioo, tuliyoifungia kidhibiti joto cha nje kinachokata na kurudisha umeme. Ikawekewa 22, kioo kikafunikwa karatasi nyeusi, kwa sababu siku hizo mbili tatu hazihitaji mwanga. Imefanya kazi kuliko vifaa vilivyonunuliwa kwa mradi. Na kama hata hiyo hakuna, sanduku la barafu, kama wanalobebea samaki, lenye chupa mbili za maji yaliyoganda zilizozungushiwa kanga ili zisiguse sahani, litakaa kati ya 20 na 24 ukibadilisha chupa asubuhi na jioni. Ni kazi ya punda, lakini jeni hupita.

Kuna binti mmoja alikuwa akiishi Likoni, na mwishoni mwa juma hakutaka sahani zake zikae peke yake maabarani. Alizibeba nyumbani kwenye mkoba, akavuka nazo feri saa saba mchana, Jumatatu akazirudisha. Alikuwa makini kupita wenzake wote: sahani zimefungwa vizuri, tarehe zimeandikwa, daftari safi. Matokeo sifuri, mara tatu. Tulipompa sanduku la barafu la kuvukia nazo, mara ya nne alipata madoa ya buluu kwenye vipande vinne kati ya vitano. Hakubadilisha kitu kingine chochote, na mimi nilimkataza asibadilishe, ili tujue.

Umeme ukikatika, andika saa uliokatika na saa uliorudi. Ukikatika usiku wa kwanza, saa sita au saba za joto zinaweza kuua jaribio zima. Ukikatika siku unayotaka kuosha bakteria, kazi kubwa imeshafanyika na huna haja ya kulia.

Joto likiwa sawa na jani bado jeupe, tazama vitu viwili. Cha kwanza ni asetosiringoni. Hiyo ndiyo ishara ya kidonda: seli za tumbaku zilizojeruhiwa huitoa, na watafiti wa Ghent waliitambua mwaka 1985 kuwa ndiyo inayoamsha jeni za vir. Mimea mingine huitoa kwa uchoyo, basi tunaiongeza wenyewe, mikromola 100 hadi 200. Pima miligramu 19.6, uyeyushe katika mililita 1 ya kiyeyushi cha DMSO, gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha nyuzi 20 chini ya sifuri, na uzifiche mwanga. Hapo mikrolita 1 kwa kila mililita ya mchuzi inakupa mikromola 100. Chupa iliyofunguliwa mwaka juzi na kuachwa kwenye mlango wa friji usiiamini.

Cha pili ni pH. Jeni za vir huamka kwenye uchachu, pH 5.2 hadi 5.6 hivi, na husaidiwa na sukari. Mchuzi wa LB unaokuzia bakteria una pH 7. Ukichukua bakteria moja kwa moja kutoka LB ukawamwagia majani, unampeleka mtu kazini akiwa usingizini. Wazungushe kwenye sentrifuji, mwaga LB, watie kwenye chakula cha mimea cha MS chenye sukari, asetosiringoni na pH 5.5, uwape saa mbili au zaidi kabla ya kugusa jani.

Sahani imefunikwa na utelezi

Siku ya tano unafungua kabati na kila kipande cha jani kimezungukwa na pete kama ya maziwa mazito. Bakteria wamefanya kazi yao na wamekataa kuondoka.

Pwani yetu huleta tatizo hili kwa mlango wake mwenyewe, unyevu. Sahani ikitoka kwenye ubaridi ikaingia kwenye hewa ya Mombasa, mfuniko hutoa jasho, matone hudondoka, na bakteria huogelea kutoka kipande hadi kipande. Acha sahani zikauke mfuniko ukiwa wazi kidogo ndani ya kabati la hewa safi, dakika 20 na zaidi, si tano kama wanavyosema wenzetu wa nchi kavu. Karatasi za kukaushia majani nazo hunyonya unyevu zikiwa kabatini. Zikaushe ovenini baada ya otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu. Kipande kinachotoka kwenye bakteria kikaushwe pande zote mbili mpaka kisiache alama kwenye karatasi.

Halafu tazama wingi. OD600 (kipimo cha ukungu wa mchuzi, yaani wingi wa bakteria) ya 0.5 hadi 0.8 inatosha tumbaku. Kuna imani kwamba bakteria wengi zaidi ndiyo jeni nyingi zaidi. Mimi sijaiona ikilipa, ila nimeona sahani nyingi zilizooza. Siku mbili pamoja zinatosha, tatu ni mwisho. Na kila ukoo wa bakteria una tabia yake: LBA4404 ni mpole na hushikana madongemadonge kwenye mchuzi, EHA105 ni mkali na ukimpa siku ya ziada atameza sahani.

Kosa ninalolipenda, kwa sababu limewahi kunipata mwenyewe, ni la AGL1. Ukoo huu umebeba ndani ya kromosomu yake jeni ya kuhimili ampisilini na karbenisilini. Mtu anaosha majani kwa karbenisilini, anaongeza dozi, anaongeza tena, na bakteria wanazidi kunawiri. Kwa AGL1 tumia timentini, ambayo ina asidi ya klavulaniki ya kuvunja kinga hiyo, au sefotaksimu. Kabla ya kulaumu dawa, soma ukoo ulioandikwa kwenye kichupa.

Dawa yenyewe nayo huchoka. Sefotaksimu, miligramu 250 hadi 500 kwa lita, hufa upesi kwenye joto. Ukiimwaga kwenye agari inayotoka otoklevuni, umeipika. Subiri mpaka uweze kushika chupa kwa kiganja bila kuiachia. Friji ikizima wikendi nzima, myeyusho wake utakuta umegeuka manjano iliyokolea, huo mwaga. Hamisha vipande kwenye chakula kipya kila baada ya siku 10 hadi 14, hata kama vinapendeza pale vilipo.

Utelezi ukiwa mchanga, osha vipande kwa maji safi yenye sefotaksimu miligramu 500 kwa lita, kausha, hamisha. Ukiwa umepanda hadi kwenye chipukizi, achana navyo.

Na kama utelezi una rangi ya waridi au manjano, huyo si agrobakteria, ni mgeni. Manyoya ni kuvu. Kuvu likianzia kando ya mfuniko kwa mstari mwembamba kama njia, tafuta sisimizi. Wanaingia kati ya sahani na mfuniko na kutembeza mbegu za kuvu kwa miguu. Miguu ya rafu zetu imesimama ndani ya vikopo vya mafuta, kama kabati la sukari la bibi yangu.

Vipande vimegeuka kahawia

Tumbaku haina makuu. Mhogo na mgomba ndio wenye hasira. Tofautisha mambo mawili. Kahawia inayoanza kwenye mkato ndani ya saa chache ni fenoli za mmea zinazoungua kwa hewa, kama tufaha lililokatwa. Punguza kwa asidi ya askobiki au sisteini kwenye maji ya kukatia, tumia wembe mpya, na usikate kwa wembe uliotoka motoni haujapoa. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini nimesimama nyuma ya watu wengi nikasikia jani likilia "shii".

Weusi unaokuja siku ya pili au ya tatu na kuenea kipande kizima ni mmea unaojitetea dhidi ya bakteria. Hapo punguza OD, punguza saa, au badilisha ukoo. Mhogo unastahili subira hii: ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 huko Amani, Tanganyika, bado unaozesha mizizi mashambani kwetu Pwani, na mhogo wa kwanza uliobadilishwa jeni kuuhimili ulipata kibali cha mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya mwaka 2021.

Kila kitu kimebaki kijani, hata kisichostahili

Hapa dawa ya uchaguzi haiui. Usianze na dozi ya mwenzako. Chukua vipande ambavyo havijaguswa na bakteria, viweke kwenye kanamisini ya miligramu 0, 25, 50, 75, 100 na 150 kwa lita, usubiri wiki tatu. Dozi ndogo kabisa inayovifanya vyote viwe vyeupe ndiyo yako. Kwa tumbaku mara nyingi ni 100. Mpunga na ndugu zake wa nyasi huhimili kanamisini kwa asili yao, hao wapelekee higromisini.

Machipukizi yaliyosongamana hujificha pia: la juu halijagusa dawa, linanyonya chakula kilichochujwa na wenzake wa chini. Litenganishe, ulioteshe mizizi kwenye kanamisini. Chipukizi linaloweza kutoa mizizi mirefu myeupe ndani ya dawa mara nyingi ni la kweli. La uongo hubaki na kisiki.

PCR inasema ndiyo, mmea unasema hapana

Hili ndilo linaloaibisha watu mbele ya wasimamizi wao, kwa hiyo nitalisemea kwa urefu.

Umechukua jani, umetoa DNA, bendi imetokea, umepiga picha. Wiki mbili baadaye mmea huohuo unageuka mweupe kwenye kanamisini. Kilichotokea ni kwamba agrobakteria hujificha ndani ya tishu miezi mingi baada ya kuoshwa, katikati ya seli na seli, na PCR haiulizi DNA imetoka kwa nani. Bendi yako ni ya plasmidi iliyo ndani ya bakteria.

Kila mara endesha PCR mbili kwenye sampuli moja: moja ya jeni yako, nyingine ya jeni ambayo haimo kati ya mipaka miwili, kwa mfano virD2. Jeni yako ikitokea na virD2 isitokee, una sababu ya kufurahi. Zote mbili zikitokea, hujui kitu bado. Na njia ya kimaskini ambayo haijawahi kunidanganya: saga kipande cha jani, kipake kwenye LB isiyo na dawa, nyuzi 28, siku tatu. Kikitoa makoloni ya krimu, mmea una mgeni.

Mara nyingine unataka kujua pia kama uti wa mgongo wa plasmidi uliingia, yaani sehemu iliyo nje ya mipaka. Huingia mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, hasa bakteria anapopitiliza mpaka wa kushoto. Mmea wa kwenda kwa mamlaka hauwezi kuwa na takataka hiyo.

Wanaofanya kazi na viazi vitamu wana mtego wao peke yao. Mara moja kijana alinijia na kidhibiti chake, kiazi ambacho hakijawahi kuona bakteria wa maabara, kikitoa bendi kwa praima za jeni ya homoni ya agrobakteria. Akadhani maji yake yamechafuka. Maji yalikuwa safi. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba viazi vitamu vinavyolimwa vimebeba T-DNA ya agrobakteria kwa asili; aina 291 zilipimwa na zote zilikuwa nayo. Bakteria alifanya kazi hiyo kabla binadamu hajawa na pipeti, na sisi tunavila kila asubuhi kwa chai ya rangi. Chagua praima za jeni yako mpya, si za jeni za T-DNA ya asili.

Baada ya PCR kuridhisha, Southern blot bado ndiyo inayokuambia jeni imeingia mara ngapi. Au panda mbegu: jeni iliyoingia mahali pamoja itagawa watoto tatu kwa mmoja kwenye kanamisini.

Jeni imo, haisemi

Mara nyingi nakala zimezidi, au mbili zimekaa kichwa kwa kichwa, na mmea umezinyamazisha. Usibishane nao. Tengeneza mistari 20 au 30, kila mmoja kutoka seli yake iliyobadilishwa, uchague yenye nakala moja.

Makoloni yamekuja mapema, au hayakuja

Hatua hii, ya kuwatia bakteria plasmidi, ni ya kabla ya mmea, lakini naiweka hapa kwa sababu watu huirudia mwisho, baada ya kuchoka.

Agrobakteria ni mvivu: makoloni yake huonekana siku ya pili kwenye nyuzi 28. Makoloni manene asubuhi ya kesho yake ni E. coli au mchafuko. Mengi yakija kwenye dawa ambayo hayakupaswa kuihimili, angalia ndoa ya ukoo na plasmidi. Ukoo wa GV3101 wenye plasmidi ya pMP90 tayari unahimili gentamisini, kwa hiyo plasmidi ya gentamisini humo haiwezi kuchaguliwa. EHA101 inahimili kanamisini, EHA105 haihimili. Herufi zilezile, tarakimu moja, wiki mbili za kazi.

Rifampisini huharibiwa na mwanga. Sahani zilizokaa dirishani zimebaki rangi ya machungwa tu.

Usikikuze kichupa chako kwenye nyuzi 37 kwa sababu shekeri ya wenzako wa E. coli ina nafasi. C58 na jamaa zake huweza kuitupa plasmidi ya Ti kwenye joto hilo. Bakteria atakua, atakuwa mnene, ila hatakuwa na jeni za vir za kupeleka chochote.

Halafu kuna cheche. Unaweka kyuveti, kichupa cha seli, kwenye mashine ya umeme ya kuingizia plasmidi ndani ya bakteria, unabonyeza, unasikia "pa!", na seli zote zimekufa. Cheche ni chumvi. Inaweza kuwa kwenye DNA iliyotoka kwenye ligesheni (kuunganisha vipande vya DNA) bila kusafishwa, na hapa kwetu inaweza kuwa kwenye maji. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya magadi, bahari imeingia chini, na mtambo wa kutonesha maji uliochoka huipitisha chumvi hiyo kidogo kidogo bila ladha. Pima upitishaji umeme wa maji yako kila wiki, na uoshe seli mara nne badala ya mbili. Kyuveti ya milimita 2 kwa kilovolti 2.5 inapaswa kukupa muda wa mpigo wa umeme wa karibu milisekunde 5. Ukipata 3 bila cheche, chumvi bado iko.

Mmea umetoa nundu

Ikiwa maabarani mimea yako inaota madonge badala ya machipukizi, na madonge yanaendelea kukua hata bila homoni kwenye chakula, umetumia ukoo ambao haujanyang'anywa jeni za uvimbe. Mtu alichukua C58 mwitu kwenye friza akidhani ni GV3101. Choma sahani zote otoklevuni, nyuzi 121 dakika 20, na hilo ndilo la kufanyia kila kitu kilichoguswa na bakteria hawa. Mmea uliobadilishwa hautoki chumbani kuingia udongoni bila kibali cha mamlaka, chini ya sheria ya usalama wa kibayolojia ya 2009, hata uwe mche mmoja kwenye kopo.

Nundu za bustanini ni habari nyingine. Mama mmoja wa Nyali aliniletea waridi lenye donge gumu kama ngumi pale shina linapogusa udongo, akitaka dawa ya kupulizia. Dawa hiyo haipo, kwa sababu T-DNA imeshaingia na kumuua bakteria hakuirudishi. Nilimwambia ang'oe mmea pamoja na udongo wake, apanguse mkasi kwa jiki kila baada ya mche, na asipande waridi jipya shimo lilelile. Kwa miche ambayo bado haijaugua kuna kinga: bakteria ndugu, K84, aliyegunduliwa na Allen Kerr huko Adelaide, ambaye hutoa sumu inayoua agrobakteria wengi wa aina hiyo, na mizizi huchovywa ndani yake kabla ya kupandwa. Akaniuliza kama anaweza kuchovya na lile la kwanza, alilopewa na marehemu mumewe. Nikamwambia akate tawi la juu kabisa, lililo mbali na donge, alioteshe kwenye mchanga mpya.

Lilishika. Liko barazani kwake, kwenye kopo la rangi, pembeni ya vinka.